Ngamia wa Kilo 570

Nikisema natoka Garissa, watu wa Nairobi huniuliza mambo matatu: joto, usalama na ngamia. Kuhusu joto nawajibu kwamba ndiyo, lipo, na ukitembea saa nane mchana bila kofia shauri yako. Kuhusu usalama nawaambia mama yangu ana kibanda cha nguo sokoni na bado anafunga saa mbili usiku. La ngamia ndilo lilikuwa swali rahisi, hadi siku nilipolipwa kuandika habari zao.

Ilikuwa 2023. Mimi naishi kwa kuandika. Leo tangazo la duka la dawa, kesho ripoti ya mtu ambaye hana muda wa kuandika ripoti yake, keshokutwa tafsiri. Kazi ya wiki hiyo ilikuwa kutafsiri kijitabu kuhusu tabianchi, cha kusomewa wafugaji kwenye mikutano. Katikati kulikuwa na jedwali. Upande mmoja mnyama, upande wa pili kiasi cha methani anachotoa kwa mwaka. Mbuzi, kilo 5. Kondoo, kilo 5. Ng'ombe, kilo 31. Ngamia, kilo 46.

Kiswahili cha jedwali hakikuwa na shida. Namba huwa hazitafsiriwi. Lakini niliganda pale kwenye ngamia, nikajiuliza kitu ambacho mtu yeyote aliyelelewa kwa maziwa ya ngamia angejiuliza: ngamia gani? Ngamia jike anayenyonyesha baada ya mvua za gu' si yule yule anayetembea mwishoni mwa jilaal nundu ikiwa imelala kama mfuko mtupu. Nikaacha kutafsiri, nikaingia mtandaoni kuitafuta namba hiyo ilikotoka. Bando la shilingi 50 likaisha. Nikanunua lingine.

Inatoka kwenye mwongozo wa mwaka 2006 wa IPCC, lile jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi. Mwongozo unasaidia kila nchi kukadiria gesi zake. Kama nchi imepima mifugo wake, itumie vipimo vyake. Kama haijapima, kuna namba za jumla za kuazima. Na kando ya ngamia, kwenye ule mwongozo, kuna uzito wa mwili uliotumika kupata ile 46: kilo 570.

Nilimsomea abti, yaani mjomba wangu, ambaye amechunga ngamia tangu kabla mimi sijazaliwa. Akacheka mpaka akaweka kikombe cha chai chini. "Huyo wa kilo 570 ni wa nani? Mwambie aniuzie."

*

Ngoja nieleze hii methani kidogo, kwa sababu watu hupenda kuifanyia mzaha wa upande usiofaa. Tumboni mwa mnyama anayecheua kuna vijidudu vinavyovunjavunja majani. Vijidudu hivyo ndivyo vinazalisha gesi, na karibu yote hutokea mdomoni, kwa kubeua. Ikishaingia hewani hukaa kama miaka 10 tu kabla ya kuvunjika, lakini kwa muda wa miaka 20 kilo moja yake hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 ya kilo moja ya kaboni dioksaidi. Kwa hiyo si kitu cha kupuuzwa. Kenya hii ina ngamia zaidi ya milioni 4, na wengi wako huku kwetu kaskazini: Mandera, Wajir, Garissa, Marsabit, Turkana. Kosa dogo kwa ngamia mmoja, ukilizidisha mara milioni 4, si dogo tena.

Na ngamia si ng'ombe mrefu. Mwaka 2014 watafiti wa Uswisi walitoa matokeo ya kupima jamii ya ngamia, yaani ngamia wenyewe pamoja na lama na alpaka. Waliona kwamba ukilinganisha kwa uzito wa mwili, hutoa methani kidogo kuliko ng'ombe na kondoo, hasa kwa kuwa hula kidogo. Abti angewaambia hayo bure. Lakini hata hao walikuwa ngamia wa nundu mbili, wale wa Asia. Huyu wetu wa nundu moja, anayekula miiba ya Lagdera, hakuwemo.

Ndiyo stori yenyewe. Si ati kuna mtu anatudanganya. Ni kwamba mahali pasipopimwa hapabaki wazi. Panajazwa na kipimo cha kwingine.

*

Mimi nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, Nairobi, wakati mvua zilikataa. Msimu wa kwanza ulikosa mwishoni mwa 2020, wa tano mwishoni mwa 2022. Mitano mfululizo. Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2 katika ukame huo, na sehemu yangu ya hiyo milioni naijua kwa rangi na kwa majina.

Karo yangu ilikuwa na miguu minne. Kila muhula ukianza, wawili au watatu walipelekwa soko la mifugo la Garissa, na jioni simu inalia: M-Pesa. Kufikia katikati ya 2022 aliyebaki hakuwa wa kuuzwa. Mnunuzi alimtazama, akamshika mgongoni, akaendelea na njia yake. Sikufukuzwa chuoni wala sikufeli. Mifugo iliisha, nikapanda basi nikarudi nyumbani.

Ndiyo maana lile jedwali liliniingia mwilini. Ng'ombe wa baba walikuwa mizoga kando ya barabara, na huenda kuna jedwali lingine mahali ambapo walikuwa bado wazima, wanakula, wanabeua kilo zao 31 kila mmoja, kila mwaka, bila kujua kwamba wamekufa.

Baadaye nikagundua kwamba kuna watu Nairobi wanaofanya kazi juu ya swali hili hili. Kwenye taasisi ya utafiti wa mifugo, ILRI, kuna kituo kinaitwa Mazingira. Wana vyumba maalum ambavyo mnyama huingizwa, akafungiwa, akala, na pumzi yake yote ikapimwa. Waliwaweka humo madume ya Boran, wakawapa chakula kidogo chini ya kile mwili unachohitaji, kama ambavyo kiangazi huwafanyia. Methani ya jumla ilipungua, maana chakula kilipungua. Lakini kwa kila kilo ya chakula kilicholiwa, gesi iliongezeka. Kwa lugha ya nyumbani: mnyama mwenye njaa anapoteza nyama, anapoteza maziwa, na kile kidogo alichopata bado kinageuka gesi zaidi. Njaa haina faida kwa mtu yeyote, hata kwa hewa.

Hicho ni kitu ambacho namba ya kuazima haiwezi kukuambia. Ile 31 haijui kiangazi.

*

Ukipiga mstari ulionyooka kutoka Garissa kwenda magharibi, kama kilomita 260, unafika Mlima Kenya. Kwenye mteremko wa kaskazini-magharibi, mita 3,678 juu ya usawa wa bahari, kuna kituo kinachopima hewa. Kinaendeshwa na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya tangu 1999, kwa ushirikiano na Uswisi, na ni sehemu ya mtandao wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Vituo vya daraja lake ni kama 30 hivi dunia nzima, na vilivyo karibu na ikweta ni vya kuhesabu kwa vidole.

Kazi ya kituo hicho ukiieleza kwa mtu inaonekana ya kuchosha sana. Bomba linavuta hewa. Mashine inaisoma: ozoni, kaboni monoksaidi, na baadaye kaboni dioksaidi na methani. Kesho inavuta tena.

Lakini fikiria hewa yenyewe. Mchana jua linapasha miteremko, hewa ya nyanda za chini inapanda, na ile mashine inanusa mashamba, moto wa nyika, majiko ya watu. Usiku mlima unapoa, hewa ya juu inashuka, na mashine inanusa hewa iliyosafiri kutoka mbali. Kuanzia Desemba hadi Februari ni kaskazi, upepo unaotoka upande wa Arabuni na kupita juu ya Somalia. Ikifika kusi, hewa inatoka Bahari ya Hindi, inaingia bara kwa kupitia pwani na nyika. Kwa hiyo iko siku hewa iliyopita juu ya paa letu la mabati, na vumbi letu na pumzi za mbuzi wetu, inafika kule juu na kuandikwa. Sisi tuko kwenye rekodi. Tatizo ni kwamba tuko kama harufu ya chakula cha jirani: unajua kuna mtu anapika, hujui ni nani wala anapika nini.

Kati ya mwisho wa 2003 na 2011, pamoja na mashine, kulikuwa na chupa. Chupa za kioo zilijazwa hewa kule mlimani, zikafungwa, zikasafirishwa hadi maabara ya serikali ya Marekani, Boulder, Colorado. Data zake ziko wazi, mtu yeyote anaweza kuzifungua. Nilizifungua kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Nukta zinapanda na kushuka kidogo, mwaka baada ya mwaka, huku zikisogea juu taratibu. Halafu inafika 2011 na nukta zinaisha.

Niliitazama ile nafasi tupu muda mrefu kuliko nukta zenyewe. Kwa sababu mwaka huo, 2011, ulikuwa wa ukame mkali sana huku kwetu, na Dadaab ilipokea watu mpaka ikafurika. Na huu wa juzi, ulioondoka na ng'ombe wa baba, hauna chupa hata moja.

*

Kuna mtu aliitwa Charles David Keeling. Mwaka 1958 alianza kupima kaboni dioksaidi juu ya Mauna Loa, mlima wa volkano huko Hawaii. Alipata karibu sehemu 315 katika kila milioni. Leo ni zaidi ya 420. Ule mstari wake ndio unaochorwa kila mahali mtu anapozungumzia tabianchi. Kinachonivutia mimi si mstari, ni vita vya kuuweka hai. Mwaka 1964 pesa zilikatwa na vipimo vikasimama kwa miezi kadhaa. Novemba 2022 volkano ililipuka, lava ikakata barabara na umeme, na wakalazimika kuhamia mlima wa jirani kwa muda ili wasipoteze mfululizo. Kwa nini mtu akimbizane na lava kwa ajili ya namba? Kwa sababu kipimo cha siku moja hakisemi kitu. Cha mwaka mmoja kinasema kidogo. Ni baada ya miaka 15 au 20 ndipo unaweza kutofautisha mwaka mbaya na mabadiliko.

Ayeeyo, bibi yangu, angelielewa hili bila grafu. Yeye hana cheti cha kuzaliwa, ila anajua mama alizaliwa wakati wa Dabadheer, ule ukame wa mkia mrefu wa 1974. Kwetu miaka ina majina, na majina yake ni ya kiangazi, ya mafuriko, ya magonjwa ya mifugo. Huo ni ufuatiliaji wa muda mrefu. Umefanywa bila mashine kwa vizazi, na ndio uliowaambia wazee lini wahame. Tofauti ni kwamba ukame unaonekana. Gesi haionekani, haina harufu, na hakuna mwaka wetu uliopewa jina lake.

Kwingine Afrika wameanza. Huko Lamto, Kodivaa, mahali ambapo savana inakutana na msitu, wanapima kaboni dioksaidi na methani tangu 2008. Rwanda wana kituo juu ya Mlima Mugogo. Huko Yangambi, kando ya Mto Kongo, mnara wa mita 55 ulisimamishwa juu ya miti na kuanza kupima mwaka 2020, ili msitu wa Kongo uache kukadiriwa kwa kutumia msitu wa Amazon. Ukitazama ramani ya vituo hivi, ni nukta chache kwenye bara zima. Kutoka Tana kwenda Mandera ni weupe mtupu.

Setilaiti zinasaidia, ndiyo. Ndizo zilizoona kwamba mvua kubwa za Afrika Mashariki za 2018 na 2019 zilifuatwa na methani nyingi kutoka kwenye madimbwi na vinamasi, hasa Sudd kule Sudan Kusini, kiasi cha kuonekana kwenye hesabu ya dunia nzima. Sisi tunaikumbuka 2018 kwa maji ya Tana ndani ya nyumba. Lakini setilaiti inatazama kutoka juu, na mawingu yakikaa haioni. Bila kituo cha chini cha kuithibitisha, watafiti wanabaki kubishana ni kiasi gani na kimetoka wapi.

*

Nikupe mfano wa kile kinachopatikana mtu akishuka chini akapima.

Mtoto yeyote wa mfugaji anajua boma la zamani. Mlihama miaka mingi iliyopita, uzio wa miiba umeoza, lakini mvua ikinyesha tu, lile duara linachipua kijani kabla ya pahali pengine pote. Ni samadi. Tulikuwa tunacheza humo, na mbuzi walikuwa wanapapenda.

Mwaka 2020 watafiti, wakiwemo wa ILRI, walichapisha matokeo ya kupima maboma 46 nchini Kenya. (Ndiyo, 46 tena, lakini hii ya kuhesabu kwa mkono.) Waligundua kwamba maboma yaliyoachwa hutoa nitrasi oksaidi, gesi inayokaa angani zaidi ya karne moja na yenye nguvu ya kupasha joto takriban mara 270 ya kaboni dioksaidi. Hata boma lililoachwa miaka 40 iliyopita lilikuwa bado linatoa kama mara 10 ya nyika iliyo kando yake. Walipolikadiria bara zima, maboma yaliyoachwa yalifikia karibu asilimia 5 ya gesi hiyo inayotokana na binadamu Afrika. Na kabla ya hapo hakuna aliyekuwa ameyaweka kwenye hesabu.

Unaona ugumu. Kwa ngamia, kipimo cha kweli huenda kikatupunguzia. Kwa boma, kimetuongezea. Anayetaka kupimwa hawezi kuchagua jibu. Lakini pia angalia suluhu ilivyo karibu: ile samadi inayorundikana miaka yote ingetolewa, ikapelekwa kwenye mashamba ya kando ya Tana, ingekuwa mbolea badala ya gesi. Hakuna anayeweza kupendekeza jambo hilo kwa kutumia namba ya kuazima. Namba ya kuazima haina boma ndani yake, ina "Afrika" tu.

*

Nilirudisha kile kijitabu kikiwa kimetafsiriwa, na baadaye nikaalikwa kwenye mkutano kilikosomwa. Ukumbi wa hoteli, soda, viti vya plastiki, wazee kwa vijana. Msomaji alipomaliza, mzee mmoja wa nyuma aliinua fimbo yake. Hakubishana na sayansi. Aliuliza maneno mawili: "Nani alipima?"

Nadhani mtu wa Nairobi angelisikia swali hilo kama ukaidi. Anayetoka huku anajua lina historia. Sensa ya 2009, matokeo ya wilaya kadhaa za kaskazini, Lagdera ya Garissa ikiwemo, yalifutwa kwa sababu serikali haikuamini kwamba tuko wengi hivyo. Sensa ya 2019 ikaleta kesi, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ikabatilisha matokeo ya maeneo kadhaa ya Mandera, Wajir na Garissa. Kwenye hesabu ndimo unamotoka mgao wa pesa, maeneo bunge, barabara. Sisi tumejifunza kwamba namba inaweza kukufuta ukiwa umesimama palepale.

Mwezi huo huo wa Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii zilianzishwa kinyume cha sheria. Moja wapo ilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa kuuza kaboni ya udongo wa nyika, mradi ulioanza kuhesabu tangu 2013. Wazo la mradi ni kwamba mifugo wakichungwa kwa mpango, nyasi zinarudi, udongo unahifadhi kaboni, na kampuni za nje zinanunua hiyo kaboni. Wazo linaweza kuwa zuri. Lakini linauza kitu kisichoonekana, kilichomo ndani ya ardhi ya watu, kwa kipimo ambacho wenye ardhi hawawezi kukikagua. Sheria ya tabianchi iliyorekebishwa 2023 sasa inasema miradi ya aina hiyo kwenye ardhi ya jamii itoe angalau asilimia 40 ya mapato kwa jamii. Sawa. Asilimia 40 ya ngapi? Nani alipima?

Nimewaza sana kwa nini swali hili linanihusu mimi, ambaye sina ngamia tena wala shahada. Naona ni kwa sababu nimeishi pande zote mbili za jedwali. Nilikuwa mtoto aliyesomeshwa kwa mifugo, na sasa ninalipwa kwa kila neno kuwaeleza wenye mifugo kwamba wanachafua hewa. Serikali yetu husema Kenya nzima inatoa chini ya asilimia 0.1 ya gesi za dunia. Katika hiyo chembe, mifugo ina fungu kubwa. Katika hilo fungu, ngamia wa abti wana namba waliyopewa bila kuonekana. Nikiandika kwamba haki inaanza na kipimo, simaanishi mashine itatupendelea. Namaanisha nataka kushtakiwa, kama ni kushtakiwa, kwa gesi yangu mwenyewe.

Na vitu vya kuanzia vipo. Garissa ina kituo cha hali ya hewa kinachosoma mvua, joto na upepo. Ina chuo kikuu. Ina mtambo wa sola wa zaidi ya megawati 50, uliozinduliwa 2019, na jua letu halijawahi kuchelewa kazini. Ina vijana waliomaliza fizikia na kemia ambao leo wanaendesha boda. Kinachokosekana ni mtu wa kusema: tutaweka mashine hapa, na tutamlipa mtu wa hapa aisafishe vumbi, miaka 20, hata miaka ambayo hakuna habari. Pesa za mradi wa miaka mitatu hazitoshi. Mradi wa miaka mitatu ungekuja kwetu 2020 ungeona ukame tu na kuondoka na jibu moja. Ungekuja mwisho wa 2023, mvua za El Niño zikiwa zimekata barabara ya Nairobi na Tana imetoka kingoni, ungeondoka na jibu kinyume.

Nilimweleza abti haya yote mwezi uliopita. Yeye huniita abti na mimi namwita abti, ndivyo kwetu mjomba na mpwa wanavyoitana, kwa hiyo mazungumzo yetu husikika kama mtu mmoja anajibizana mwenyewe. Mwanzoni alikataa.

"Abti, mtu akija kuhesabu mifugo, ficha nusu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Leo wanapima, kesho wanatoza."

"Wanatoza tayari, abti. Wanatumia wa kilo 570."

Akanyamaza. Akamimina chai. Ngamia wake waliobaki ni saba, na wawili wana mimba, na ngamia hubeba mimba zaidi ya mwaka mmoja. Mwenye saba anayetaka kufika arubaini anajua kusubiri kuliko mfadhili yeyote.

"Hiyo mashine," akasema, "inachukua miaka mingapi kabla ya kusema ukweli?"

"Ishirini hivi."

"Basi wanangoja nini?"